Jibu ni la Aliyetoa Damu

Mhadhara wa wazi kuhusu utafiti, serikali na wajibu wa mwanasayansi



Mada niliyokabidhiwa inaitwa sayansi na jamii. Ni mada pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo naomba ruhusa yenu niibane. Nitazungumzia jambo moja tu: jibu la utafiti likishapatikana, ni la nani, na nani ana haki ya kulikalia.

Anayetaka kuuona uzito wa swali hili na aanze na matende na mabusha. Ugonjwa huu huletwa na minyoo myembamba inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mishipa ya limfu na kuiharibu, na baada ya miaka mguu huvimba, au korodani hujaa maji. Watoto wa minyoo hiyo huishi ndani ya damu, na wana tabia ya ajabu. Mchana hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Usiku, kuanzia kama saa nne hadi saa nane, hujitokeza kwenye damu iliyo karibu na ngozi, wakati uleule mbu wanapouma. Ndiyo maana kabla ya kuja vipimo vya haraka, mtafiti aliyetaka kuwaona hakuwa na budi kwenda kijijini usiku. Watafiti wa Kituo cha Amani kule Muheza, Tanga, waliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Hebu fikirini hali ilivyokuwa. Gari linaingia kijijini gizani. Meza inawekwa kwenye darasa la shule ya msingi, karabai inawashwa, watu wanaitwa kwa majina. Mama anamwamsha mtoto, anambeba mgongoni, anajipanga mstarini. Kidole kinafutwa kwa pamba yenye spiriti, kinachomwa, tone la damu linapakwa kwenye kipande cha kioo, kioo kinaandikwa namba. Halafu gari linaondoka na vioo vyake. Na hapa tunazungumzia ukanda wa Pwani, ambako tangu enzi za mkoloni watoto wamekua wakisikia habari za mumiani, watu wanaosemekana kuwakamata wenzao usiku na kuwakinga damu ikatengenezewe dawa. Aliyekubali kunyoosha kidole katika mazingira hayo alitoa kikubwa kuliko damu. Alimwamini mtu asiyemjua.

Wataalamu wengi wa zamani waliuona uvumi wa mumiani kuwa ni ujinga wa kuondolewa kwa elimu. Mimi nausikiliza kwa namna nyingine. Ndani yake kuna swali la haki kabisa: damu yetu inapelekwa wapi, na nani anafaidika nayo? Waliokuwa wakiuliza swali hilo walikuwa na sababu ya kuuliza. Katika miaka ya 1950, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, uliendeshwa mradi mkubwa wa malaria wa Pare na Taveta chini ya watafiti wa Amani. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini, watu wakahesabiwa, watoto wakapimwa damu na wengu. Malaria ikashuka sana. Mwaka 1959 upuliziaji ukakoma kwa sababu muda wa mradi ulikuwa umekwisha. Mbu wakarudi kidogo kidogo, na malaria nayo. Ripoti ziliandikwa na zinasomeka mpaka leo katika maktaba, zimejaa hesabu safi. Uamuzi wa kuanza ulifanywa na wataalamu, na wa kumaliza vilevile. Wenye nyumba walibaki na kuta zao.

Tangu wakati huo maadili ya utafiti yamepiga hatua, na sitaki kuibeza hatua hiyo. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na marekebisho yake yaliyofuata limetufundisha kwamba mshiriki ni mtu, na maslahi yake yanatangulia maslahi ya sayansi. Leo hakuna utafiti wa afya unaoruhusiwa Tanzania bila kupita kwenye kamati ya maadili. Kuna fomu ya ridhaa, tena ya Kiswahili, inayomwambia mshiriki kwamba anaweza kukataa, na hata akikubali anaweza kujitoa siku yoyote na bado akatibiwa kama wengine. Kuna namba ya simu ya katibu wa kamati. Yote hayo ni mema. Lakini zisomeni fomu hizo hadi mwisho. Zinaeleza kwa urefu kiasi cha damu kitakachochukuliwa, maumivu ya sindano, nauli atakayorudishiwa mshiriki, kabati ambalo majina yatafungiwa. Zikifika kwenye matokeo, maneno yanakatika. Nyingi nilizozisoma husema tu kwamba matokeo yatachapishwa katika majarida ya kitaaluma na kuwasilishwa kwa mamlaka husika. Aliyenyoosha kidole si jarida, wala si mamlaka husika.

Wapo waliojifunza vizuri zaidi. Kule Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na washirika wake wamekuwa na kituo tangu 1989, watafiti nao walikutana na uvumi wa kunyonya damu, na wengine kijijini wakasema hao ni waabudu shetani. Kituo kingeweza kujifungia nyuma ya ukuta. Badala yake kilianza kujenga mfumo wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wanaokutana na watafiti, kuulizwa na kuuliza. Uvumi haukufa wote. Lakini mtu wa Kilifi mwenye shaka ana mahali pa kuipeleka shaka yake, na mtafiti ana mahali pa kuwajibika.

Sasa niwaombe twende mwezi Desemba mwaka 2016. Marehemu Dkt. Mwele Malecela alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mwanamke wa kwanza kuishika nafasi hiyo. Hakuwa mtu wa kushushwa kutoka juu. Alianzia kazi kituoni Amani katika miaka ya 1980, kwenye matende na mabusha haya haya niliyoyaeleza, na baadaye akauongoza mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huo, mpango ulioanza kugawa kingatiba kisiwani Mafia mwaka 2000. Wagawaji wa dawa ngazi ya jamii wanajua kazi ile ilivyokuwa. Mlango kwa mlango, wakiulizwa kama vidonge vinaua nguvu za kiume, wakijibu kwa upole, wakirudi tena kesho yake.

Tarehe 15 Desemba, Dkt. Malecela aliwaambia waandishi wa habari kwamba utafiti wa taasisi yake umekuta ushahidi wa virusi vya Zika kwa baadhi ya watu waliopimwa nchini. Kwa mwanasayansi hilo halikuwa jambo la kushangaza. Zika si mgeni kutoka Brazili. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika Msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, kutoka kwa kima aliyewekwa kwenye tundu juu ya mti ili kutega homa ya manjano. Ukanda wetu umeipa dunia majina kadhaa ya namna hiyo. Chikungunya, kwa mfano, iliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, huko Newala. Kuvikuta virusi mahali ambapo vimekuwa karibu kwa miaka sabini ni kazi ya kawaida ya maabara inayofanya kazi.

Wizara ya Afya ikajitokeza kusema hakuna mlipuko wa Zika Tanzania. Kauli hiyo nayo, kitaalamu, haikupingana na ya kwanza. Kukuta ushahidi wa virusi kwenye damu za watu ni jambo moja, na mlipuko, maana yake wagonjwa wanaoongezeka kwa kasi mahali fulani kwa wakati fulani, ni jambo jingine. Meza moja, viti viwili na saa moja ya mazungumzo mbele ya wanahabari vingetosha kuwaeleza wananchi tofauti hiyo. Wajawazito wangepata ushauri wa kujikinga na mbu, na hoteli za utalii zingepata maelezo ya kuwapa wageni. Hayo hayakufanyika. Siku moja tu baada ya tangazo, Ikulu ilitoa taarifa kwamba uteuzi wa Mkurugenzi Mkuu umetenguliwa na mwingine ameteuliwa. Taarifa haikueleza sababu. Kila mtafiti nchini aliyaunganisha matukio hayo mwenyewe, na akajifunza alichojifunza.

Dkt. Malecela alikwenda Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2018 akawa mkurugenzi wa idara inayoshughulikia magonjwa yaliyosahauliwa, huko Geneva. Aliitumikia dunia kwa ujuzi alioupata Muheza. Alifariki Februari 2022. Naikumbusha habari yake kwa heshima. Yeye hakupungukiwa na kitu. Hasara iliyo kubwa ni ya yule mtafiti kijana, mahali fulani Mwanza au Ifakara, aliyekuwa na matokeo yake mkononi Desemba ile, akayaweka kwenye droo.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni ya haki nisiipite. Serikali ina nchi ya kuiongoza. Neno moja kuhusu ugonjwa linaweza kufuta safari za watalii, kuzuia samaki wetu kwenye masoko ya nje, kuwatia watu hofu wakakimbia zahanati. Kiongozi anayesikia habari ya namna hiyo redioni, kama msikilizaji mwingine yeyote, ana haki ya kukasirika. Nakubali kabisa kwamba serikali ina haki ya kuarifiwa kwanza. Ninachokataa ni kuigeuza haki ya kujua kwanza iwe haki ya kuamua kama wengine watajua. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi zetu zimeziridhia, zinatutaka tuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa la hatari kwa dunia. Ikiwa Geneva inastahili kujua ndani ya saa 24, mwananchi wa Geita naye anastahili tarehe.

Na tunajua kufanya vizuri, maana tumewahi kufanya. Wenye umri wangu wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake mdomoni na muwasho uliomfanya mtoto ajikune usiku kucha. Iliaminika kuliko dawa yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vituo vya uchunguzi mikoani vilikuwa vinawafuata watoto walioimeza siku baada ya siku, na kuhesabu ni wangapi wanaobaki na vimelea kwenye damu. Matokeo yalikuwa ya kutisha. Katika takriban nusu ya watoto dawa ilikuwa inashindwa. Watafiti hawakunyamaza na Wizara haikuziba masikio. Data ziliwekwa mezani, zikajadiliwa, na mwaka 2001 Tanzania ikabadili dawa ya kwanza ya malaria kutoka klorokwini kwenda SP. Kwa nchi maskini huo ulikuwa uamuzi mzito, wenye gharama, na ulifanywa kwa kufuata hesabu za damu za watoto.

Hata hivyo pale pale tulijikwaa kwa upande wa wananchi. SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar, haishushi homa haraka kama klorokwini ilivyokuwa ikishusha. Mama alimpa mtoto dawa, akaona joto liko palepale, akaona dawa haifai. Magazeti yakaandika habari za wagonjwa wachache waliobabuka ngozi, hatari ya kweli ingawa ni adimu, na wataalamu wakachelewa kuieleza. Watu wakarudi kutafuta klorokwini madukani kwa siri. Jibu lilikuwa sahihi, likafika serikalini salama, na likachelewa kufika jikoni kwa mama. Dawa ya mseto ilipoanza kutumika miaka michache baadaye, somo hilo lilikumbukwa, ingawa si kwa kiasi ambacho ningependa.

Nimewasema watawala, sasa tujiseme sisi wanasayansi, maana wapo waliovunja wajibu huu kwa kusema kupita kiasi. Mwaka 1990 jijini Nairobi ilitangazwa dawa ya UKIMWI iliyoitwa Kemron, kiasi kidogo cha intaferoni kinachoyeyushwa mdomoni. Ilitoka KEMRI, ikazinduliwa na Rais Moi mwenyewe kwa fahari ya taifa na ya bara zima. Fahari hiyo naielewa. Tulikuwa tumechoka kuitwa chanzo cha ugonjwa, na hapa Mwafrika ametoa tiba. Wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuifuata. Lakini ripoti ya kwanza ilihusu wagonjwa wachache, tena bila kundi la kulinganisha, na mgonjwa anayepata matumaini, chakula na daktari anayemsikiliza mara nyingi hupata nafuu kwa muda. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida. Mojawapo lilifanywa na watafiti wa Uganda kwa wagonjwa zaidi ya 500, kwa utaratibu wa kulinganisha na dawa bandia, na mwaka 1998 wakachapisha jibu: haisaidii. Nawastahi sana Waganda hao. Ilihitaji moyo kuwaambia jirani, katika miaka ile ya vifo, kwamba tumaini lile si tumaini.

Kisha kuna kosa jingine, ambalo naliona kuwa la hatari zaidi kwa sababu halionekani kama kosa. Ni kusema nusu ya kweli. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi porini, wagonjwa wengine wakafia njiani, wengine wakaacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Viongozi wakubwa nao walikwenda kunywa, na wakapigwa picha. Wataalamu waliitwa kupima mti uliotumika, na tamko lililotoka mapema likasema dawa ile ni salama kwa binadamu. Kimaabara huenda hakuna aliyeweza kulipinga tamko hilo. Lakini nani alilisikia kama lilivyosemwa? Mgonjwa wa kisukari aliyekuwa kwenye basi la Arusha alisikia kwamba wataalamu wamesema inafaa. Sentensi ya pili, kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa inatibu, na kwamba kuacha dawa za hospitali kunaua, ilihitaji kusemwa siku hiyo hiyo, kwa sauti ile ile, na watu wale wale. Ilikuja kwa kuchelewa na kwa kunong'ona. Mwanasayansi anapopima maneno yake, apime pia sikio litakaloyapokea.

Halafu ukaja ukimya. Mei 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa kwa siri kwenye maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kuwa zina virusi. Viongozi wa maabara wakasimamishwa. Takwimu rasmi zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo kwa muda wa mwaka mzima na zaidi.

Naomba tuliangalie papai kitaalamu, kwa sababu wakati ule hakuna aliyethubutu. Kuipima maabara kwa kuiletea sampuli isiyoijua ni utaratibu halali, na maabara bora duniani hupimwa hivyo kila mwaka. Shaka ya Rais juu ya ubora wa vipimo haikuwa dhambi. Lakini kipimo kile kiliundwa kwa ajili ya ute wa pua na koo la binadamu. Maabara nyingi huangalia pia kama ndani ya sampuli kuna vinasaba vya mtu, ili kujua kwamba imechukuliwa sawasawa. Jibu chanya kutoka kwenye papai linazaa maswali: nani alichukua sampuli na mikono yake ilikuwa imeshika nini, vitendanishi vilichafuka, mashine ilisoma dalili dhaifu mno ikaiita chanya? Kila swali lina namna ya kujibiwa, na majibu yangeijenga maabara. Tume iliundwa. Kilichotakiwa ni ripoti yake isomwe mbele ya wananchi, na mtaalamu mmoja wa virusi asimame kwenye televisheni ya taifa aeleze hayo niliyoyasema sasa hivi. Wataalamu tulikuwa nao. Walikuwa wanaikumbuka Desemba 2016.

Sheria nayo ilikuwa imewakumbusha. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyopitishwa mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kutoa takwimu zinazopotosha au kupinga takwimu rasmi, kwa faini ya si chini ya shilingi milioni 10 au kifungo cha si chini ya miaka mitatu. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje, Benki ya Dunia ikiwemo. Bunge linastahili pongezi kwa kuirekebisha. Lakini hofu haifutwi na muswada kwa haraka kama inavyoletwa na muswada. Mei 2021 kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilipopendekeza hadharani kwamba takwimu za UVIKO zitolewe, wengi wetu tulishusha pumzi. Pendekezo hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Kwamba lilihitaji ujasiri kulisema kunaonyesha tulikokuwa tumefika.

Wenzangu watasema nimeilaumu serikali mno, na kwamba jibu hunyang'anywa hata na walio mbali. Ni kweli. Katika mtaa wa Majengo, Pumwani, Nairobi, wanawake wanaofanya biashara ya ngono walianza kufuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1980. Baadhi yao, kwa miaka mingi ya kukutana na virusi vya UKIMWI, hawakuambukizwa, na damu zao zikawa msingi wa kutafuta chanjo kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Oxford. Kukatokea mgogoro mkubwa pale watafiti wa Nairobi walipokuta hataza imeombwa Uingereza bila wao kutajwa. Walipigania nafasi yao na wakaipata. Chanjo yenyewe haikufanikiwa. Ninachokirudia kila ninapoisimulia habari hii ni kwamba ugomvi ule ulikuwa wa vyuo. Wanawake wa Majengo, ambao miili yao ndiyo iliyokuwa na jibu, hawakuwa upande wowote wa karatasi zile.

Nani anaandika masharti ya mikataba hiyo? Mwenye fedha. Umoja wa Afrika ulikubaliana huko Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi, sisi tukiwemo, hatujafika. Mtafiti anayeishi kwa ruzuku ya nje huandika swali linalompendeza mtoa ruzuku, hupeleka sampuli anakoambiwa, na mradi ukiisha hana hata mafuta ya gari la kurudi kijijini kusema alichokiona. Simlaumu. Lakini tusishangae basi kwamba mumiani haondoki.

Nini kifanyike? Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hutoa vibali vya utafiti. Kibali kiwe na tarehe ya kurudisha majibu, na bajeti ya kuyarudisha iwe sehemu ya maombi, kama ilivyo bajeti ya vitendanishi. Anayeshindwa kuonyesha muhtasari wa mkutano wa kijiji, wenye maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, asipewe kibali cha pili. Muhtasari huo uandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa kitongoji anaweza kukisoma kwa sauti bila kukwama. Wanafunzi wangu wa zamani wananijua kwa hili. Tasnifu ya kurasa 200 isiyoweza kuelezwa kwa dakika kumi mbele ya waliotoa data, mimi naiona haijakamilika, hata kama mtahini wa nje ameisifu.

Kuhusu serikali, napendekeza muda. Taasisi ikipata matokeo yenye uzito kwa afya ya umma, Wizara iarifiwe kwa maandishi siku hiyo hiyo. Wizara iwe na siku 14 za kujiandaa, kuuliza, kupeleka sampuli maabara nyingine ikitaka. Ikiwa ni mlipuko, siku hizo zishuke ziwe mbili. Muda ukiisha, matokeo yanatangazwa na taasisi, na Wizara inatoa ya kwake, hata kama haikubaliani. Wananchi wamezoea kusikia wakubwa wakipishana kauli bungeni, na hawatavurugika kwa kusikia wataalamu wakipishana juu ya mbu. Kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya itoke chini ya paa la NIMR, kwa sababu NIMR yenyewe ni mtafiti, na mwenye kesi hawezi kuwa karani wa mahakama.

Na wakurugenzi wa taasisi za utafiti wapewe muda wa kazi uliowekwa na sheria. Kabla haujaisha, mkurugenzi aondolewe kwa sababu zilizoandikwa tu, bodi ya taasisi ikiwa imesikiliza pande zote, na kutangaza matokeo kwa kufuata utaratibu niliousema kusiwe miongoni mwa sababu hizo. Rais bado atabaki na mamlaka ya kuteua. Sheria iliyoianzisha NIMR ni ya mwaka 1979, na ya COSTECH ni ya 1986, zote za enzi za chama kimoja, wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba mtafiti anaweza kutofautiana na serikali yake na bado akaitumikia kwa uaminifu. Kuzifungua na kuongeza vifungu vichache hakuhitaji zaidi ya kikao kimoja cha Bunge. Wanasheria wa kuandika rasimu hiyo wamo katika ukumbi huu, watafiti wa kuwaeleza mambo yanavyokwenda wamo, na baadhi ya wabunge wameitikia mwaliko wa leo. Nitabaki hapa mbele baada ya maswali, kwa yeyote aliye tayari kuanza kuiandika.